Karani wa Posta Alivyoshuka Mlimani, Moshi

Mwaka 1900, barua ya kwenda Moshi ilipanda mlima Kilimanjaro. Moshi ya wakati huo ndiyo hii tunayoiita Old Moshi, ambako Wajerumani walihamishia kituo chao cha kijeshi kutoka Marangu baada ya kumshinda Meli, mangi (mtawala wa Kichaga) wa Moshi, mwaka 1893. Matarishi walibeba mifuko kwa miguu, na muhuri wa posta ulisomeka "Moschi".

Mwaka 1911 reli ya Tanga ikafika. Stesheni ilijengwa tambarare, mji mpya ukaota kando yake, na shughuli za posta zikateremka. Tangu hapo saa ya karani ikawa saa ya treni: treni ikichelewa, naye huchelewa kufunga dirisha.

Hesabu nayo haikutulia. Rupia ilikuwa na pesa 64; baadaye ikawa na heller 100. Waingereza waliuteka mji Machi 1916, baadaye wakaleta shilingi ya senti 100, na mwaka 1922 wakatoa stempu za twiga. Karani aliyepungukiwa fedha jioni alilazimika kueleza upungufu huo kabla ya kwenda nyumbani.

Siku yake ilianza kwa mfuko. Alikagua lakiri, akafungua, akalinganisha barua za rejista na orodha iliyoandamana nazo, kisha akapanga nyingine kwenye masanduku. Hapa ndipo watu wa mlimani walipokuwa na utaratibu wao. Posta haikupeleka barua vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kwa hiyo familia nyingi zilitumia S.L.P. ya usharika, shule au chama cha msingi cha kahawa. Mwalimu au katibu akishuka mjini, alirudi na barua za kijiji kizima, nazo zikatangazwa baada ya ibada.

Dirishani kulikuwa na mambo mazito zaidi. Vijana waliokwenda kufanya kazi Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam walituma mani oda ya ada na chumvi. Karani alitazama kitambulisho, akahesabu noti mbele ya mwenyewe, akachukua saini. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Telegramu ililipiwa kwa neno, hivyo habari ya msiba ilibanwa ikawa maneno matatu au manne: "Baba amefariki njoo." Kwa Mchaga anayezikwa kihambani kwake, kuchelewa kwa maneno hayo kulimnyima mtoto nafasi ya kumzika mzazi.

Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1994 posta na simu zikatengana. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipoingia Tanzania mwaka 2008, foleni ya mani oda ikahamia kwa wakala wa mtaani. Karani wa leo anashughulika zaidi na vifurushi, nyaraka na EMS, huduma ya usafirishaji wa haraka. Bado anapima, anatoa risiti na kudai saini kabla hajakabidhi, kwa sababu mzigo ukipotea, daftari ndilo litakaloonyesha ulipokelewa na nani.