Vakansi kubwa: namna ya kucheza na kufundisha mutoto mudogo nyumbani bila kununua kitu

Kila mwaka, kuanzia mwanzo wa mwezi wa saba mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa, masomo hufungwa katika Kongo na watoto wanabaki nyumbani karibu miezi miwili. Wakubwa wanajua kujitafutia michezo. Wadogo wa miaka 3 mpaka 6 njo wanasahauliwa: mama iko soko ao shamba, baba ametoka asubuhi, na mutoto anashinda mu kiwanja bila mutu wa kuongea naye. Wengi hawajaingia hata siku moja mu maternele. Na kwa jamaa ambazo vita imekimbiza, vakansi inaweza kupita ile ya kalenda.

Mutoto wa umri huu hajifunze kwa kukaa ku benchi. Anajifunza akishika kitu, akikitaja jina, akiuliza na kujibiwa. Robo ya saa asubuhi na robo ya saa mangaribi, pamoja na mutu mukubwa ao dada yake, inatosha. Akichoka, mutu anaacha. Muchezo wa kulazimisha unageuka azabu.

Kuhesabu kwa maharagi

Mutoto anaweza kuimba 1 mpaka 10 bila kosa, na kumbe hajue kuhesabu: anajua wimbo tu. Njia ya kujua ni rahisi. Aombwe alete maharagi 4. Akileta mukono mujaa, hesabu haijaingia bado.

Maharagi ya kwetu yana rangi nyingi: mekundu, meupe, meusi, ya madoadoa. Mutoto ayachambue kwa rangi, kiisha aseme fungu gani iko na mingi. Kila hesabu, aguse haragi moja na kutaja namba moja. Muchezo huu unafaa kabla ya kupika, ju kuchambua ni kazi ambayo ingefanywa hata bila mutoto.

Wakati wa kula, aombwe kupanga sahani: moja ya kila mutu. Zikipunguka, aulizwe ngapi hazijafika. Hapo anaanza kutoa na kuongeza bila kushika kalamu.

Kisoro pia ni hesabu. Kile cha wakubwa kina mistari 4 ya matundu 8, lakini kwa mutoto inatosha kuchimba matundu 6 mu udongo na kumufundisha kupanda kokoto moja moja katika kila tundu.

Vizibo, makala na herufi

Vizibo vya chupa vinaokotwa kila mahali. Vikioshwa vizuri, herufi moja inaandikwa ndani ya kila kizibo. Kwa mwanzo, herufi za jina la mutoto zinatosha. Akizipanga mwenyewe, anasoma neno lake la kwanza. Kama hakuna karatasi, kipande cha makala kinaandika ku ubao ao ku karto ya zamani, na kidole kinaandika mu muchanga.

Lugha isiogopeshe muzazi. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali katika mafundisho ya miaka ya kwanza. Mutoto anayejua kuhesabu katika Mashi, Kinande, Kilega ao Kibembe hapotezi kitu. Atapata haraka Kiswahili na Kifaransa, ju maana iko tayari mu kichwa.

Maji, mbegu na kivuli

Mu beseni la maji, mutoto aweke musumari mudogo, kipande kikubwa cha makala na ndizi. Mbele ya kuweka kila kimoja, aseme: kitaelea ao kitazama? Ataona makala makubwa yanaelea na musumari mudogo unazama, na atajua kwamba ukubwa peke yake hauamue. Maji yamwangwe kiisha muchezo, ao yamwagiwe mimea.

Haragi likiwekwa juu ya kitambaa chenye maji mu kopo, linachipuka kisha siku chache. Mutoto alilinde, alinyweshe, aseme kila asubuhi nini imebadilika. Mwenye gunia ao beseni lililotoboka anaweza kupanda lengalenga. Kwa karibu mwezi moja zinafika mu sufuria, na mutoto anakula kazi yake.

Siku ya jua, kijiti kisimamishwe mu kiwanja na kivuli chake kiwekewe alama asubuhi, saa sita na mangaribi. Katika mwezi wa saba, kivuli cha saa sita kinaangalia kusini. Katika mwezi wa kumi na mbili kinaangalia kaskazini. Kaka mukubwa wa kalasi ya tano naye atapata kitu cha kufikiri hapo.

Hadisi ya mangaribi

Bibi na babu ni masomo isiyolipiwa. Kiisha hadisi, mutoto aulizwe: nani alianza? Sababu gani alikimbia? Wewe ungefanya nini? Kesho yake airudilie kwa maneno yake. Kwa kurudilia, anajifunza kupanga mambo: kwanza, kiisha, ku mwisho. Nguvu hiyo njo mwalimu atatafuta wakati wa kufundisha kusoma.

Telefone isichukue nafasi ya bibi. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), katika mashauri yake ya 2019, linaomba mutoto wa miaka 2 mpaka 4 asipite saa 1 kwa siku mbele ya skrini. Wa mwaka moja asipewe kabisa. Kwa wa miaka 3 na 4, linaomba pia wachezeshe mwili dakika 180 kwa siku: kukimbia, kuruka kamba, kucheza ngoma.

Kulinda mutoto anapocheza

Maharagi, kokoto na vizibo havipewe mutoto wa chini ya miaka 3 bila mutu wa kumuangalia, ju anaweza kuvimeza na kukosa pumzi. Beseni la maji lisiachwe wazi: hata maji madogo yanaua mutoto mudogo. Mbabula ikae mbali na mahali pa kuchezea.

Palipopita vita, mutoto afundishwe kama muchezo, mara nyingi: chuma usichokijua, usiguse, usitupie jiwe, rudia njia uliyotoka, ita mukubwa. Na pembeni ya Goma na Sake, asichezee mu mashimo na mabonde yanayojulikana kuwa na mazuku. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa na inakaa chini, ni kusema inafika ku pua ya mutoto mbele ya kufika ku pua ya mukubwa. Haionekani.

Kunawa mikono na sabuni kiisha kila muchezo wa udongo, mbele ya kula na kutoka ku choo, ni somo pia. Kolera inarudia-rudia katika majimbo yetu. Wimbo mufupi ambao mutoto ametunga mwenyewe, ukiimbwa mara mbili, unamusaidia asifanye haraka.

Mwezi wa tisa ukifika, mutoto aliyecheza hivi hatakuwa na cheti. Atakuwa anajua kuleta maharagi 4 akiombwa 4, kutambua jina lake, kueleza hadisi na kuuliza sababu gani. Kwa yule ambaye masomo yake hayajafunguliwa bado, kazi hiyo iendelee tu nyumbani.