Fundo hupigwa

Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, lakini fundo hupigwa. Wapo pia wanaosema kufundika, kitenzi kizuri ambacho magazeti yetu yamekiachia kamusi. (Fundo la moyoni, yaani kinyongo, tuliweke kando leo. Tuzungumzie la mvuvi.)

Kwenye mshipi wa nailoni, fundo lililozoeleka ni hili: pitisha ncha katika tundu la ndoana, izungushe kwenye mshipi mara 5 au 6, irudishe ndani ya kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha vuta. Kabla ya kukaza, lilowanishe kwa mate. Huo si ushirikina: nailoni kavu ikisuguana hupata joto, na joto huidhoofisha palepale penye fundo.

Mshipi wa kusuka una tabia nyingine. Ni mwembamba, unateleza, na fundo lililoshika vizuri kwenye nailoni huweza kufunduka taratibu. Hapo ukunje mshipi uwe mara mbili, upitishe tunduni, upige fundo la kawaida bila kulikaza, kisha ndoana nzima ipite ndani ya kitanzi ndipo ukaze. Kwa Kiingereza linaitwa Palomar. Mimi ningeliita fundo la kitanzi, na sioni ubaya wake.

Lolote utakalochagua, livute kwa nguvu ungali nchi kavu. Likiteleza, likate ulipige upya.