Nkongolo Mwamba: Ubaya kwa Kinywa cha Nani?

Katika masimulizi ya Waluba wa Katanga, Nkongolo Mwamba ni mfalme mwekundu, mlevi na katili. Mwindaji Mbidi Kiluwe alitoka mashariki na adabu za kifalme, akila faraghani. Kwa Bulanda, dada ya Nkongolo, akamzaa Kalala Ilunga. Mjomba alimtegea mpwa shimo la mauti. Mpwa akavuka Lualaba, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa.

Ni nani aliyesimulia? Chama cha Mbudye, kilichotunza kumbukumbu kwa ubao wa lukasa, kilihudumia watawala waliojihesabu wazao wa Kalala. Ubaya wa Nkongolo ulikuwa hati ya enzi yao.

Kisa hicho kikisimuliwa vijana kwa upande wa Nkongolo, matukio hayabadiliki. Maana ndiyo hugeuka. Mgeni mwenye adabu huwa mtu anayekataa kula na mwenyeji wake. Mpwa shujaa huwa tishio lililolelewa nyumbani. Akiolojia nayo hudai tahadhari: makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, yanaonyesha utajiri na tofauti za vyeo zilizokua kwa karne nyingi. Ufalme haukuletwa na mwindaji mmoja.

Kumsikiliza Nkongolo si kumtakasa. Shimo hubaki shimo. Lakini washindi wenyewe hawakuweza kumfuta: kwa Bulanda, damu ya ukoo wake ilibaki katika kiti chao.