Viwanja vya mbio za magari vilivyokosa kukidhi matarajio

MKAZI wa Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, akisikia habari za mbio za magari hukumbuka vumbi na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953 katika barabara ambazo hazikujengwa kwa ajili ya mashindano. Nchini Marekani mambo ni tofauti. Mbio za NASCAR, zinazotumia magari yenye umbo la yale ya kawaida ya barabarani, hufanyika zaidi katika viwanja vya mviringo vyenye lami na kona zilizoinuliwa upande wa nje. Gharama huwa kubwa, nayo matarajio huwa makubwa zaidi.

Uwanja wa Ontario, California, ulifunguliwa mwaka wa 1970 kwa zaidi ya dola milioni 25, kwa kuiga ule mashuhuri wa Indianapolis. Umati uliofurika siku ya kwanza haukuonekana tena katika mbio za hapo. Mwaka wa 1980 ukafungwa na ardhi yake ikauzwa.

Ule wa Texas, uliofunguliwa mjini Fort Worth mwaka wa 1997, uliponzwa na ujenzi. Maji yalichuruzika kutoka chini ya lami, jambo ambalo msafiri wa njia ya Isiolo kwenda Modogashe msimu wa mvua hahitaji kuelezwa hatari yake. Katika mbio za kwanza za daraja la juu za NASCAR, zaidi ya magari 10 yaligongana kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa kwanza. Madereva walilalamikia umbo la kona, zikarekebishwa mwaka wa 1998.

Somo hilo halikuvuka bahari. Mwaka wa 2001 Uingereza ilifungua Rockingham, karibu na mji wa Corby. Septemba mwaka huo, maji yaliyopenya kwenye lami yaliharibu siku za mazoezi na mbio zenyewe zikafupishwa. Mashindano yalikoma hapo mwaka wa 2018, na uwanja ukageuzwa mahali pa kuhifadhi magari.

Huko Kentucky, aibu ilikuwa nje ya lango. Uwanja huo wa mwaka wa 2000 ulisubiri hadi 2011 kupewa mbio za daraja la juu za NASCAR. Siku ilipofika, msongamano wa magari barabarani uliwazuia maelfu ya mashabiki waliokuwa na tiketi, nao hawakuingia kabisa. Mbio za mwisho za daraja hilo zilifanyika hapo Julai 2020, bila mashabiki, kwa sababu ya janga la corona.