Mama Kayai

Mama Kayai (jina halisi Mary Khavere) ni mwigizaji wa vichekesho kutoka Kenya, miongoni mwa wanawake wa kwanza kujijengea jina la taifa zima kwa kuchekesha katika Kiswahili. Anajulikana zaidi kwa Vitimbi, mchezo wa runinga ya taifa, alimoigiza mke wa Mzee Ojwang Hatari, yaani Benson Wanjau. Watazamaji wengi waliwadhania mume na mke wa kweli; haikuwa hivyo.

Hadi kituo cha KTN kilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990, Wakenya walikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, Sauti ya Kenya, kilichopewa jina la KBC mwaka 1989. Hivyo kicheko cha jioni kilikuwa cha nchi nzima. Wawili hao wa Vitimbi walizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na katika majibizano yao ndipo ustadi wa Mama Kayai unapostahili sifa kubwa kuliko aliyowahi kupewa: Ojwang alipayuka, yeye akamkatiza kwa jicho, mguno au neno moja, na mzaha ukakamilika.

Wanjau alifariki Julai 2015.