Drafti ya NBA ya 2009

Drafti ya NBA ya 2009 ni uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, uliofanyika New York tarehe 25 Juni 2009. Hutajwa sana katika mjadala wa nani achaguliwe kwanza: senta, mchezaji mrefu anayelinda kikapu, au pointi gadi, anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi. Wanaomtetea senta husema ufundi hufundishika, urefu haufundishiki.

Los Angeles Clippers walianza na fowadi Blake Griffin. Memphis Grizzlies, ambao tayari walikuwa na pointi gadi Mike Conley, walimchukua wa pili Hasheem Thabeet, senta mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa takriban mita 2.21, aliyesifika Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kuzuia mitupo. Minnesota Timberwolves walichagua pointi gadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Pointi gadi mwingine, Stephen Curry, akaangukia nafasi ya 7, mikononi mwa Golden State Warriors.

Curry alitwaa ubingwa mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022, na mitupo yake ya pointi tatu ikapunguza thamani ya masenta wasiotoka chini ya kikapu. Thabeet alicheza NBA hadi 2014, wastani wake ukiwa pointi 2.2 kwa mchezo. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.