Kwinini ya Kivu na Ujira wa Walioimenya

Sisi huku Ankoro, Luvua inapomwaga maji yake katika Lualaba, twaijua kwinini kwa uchungu wake ulimini na kwa mlio wake masikioni. Ni wachache waulizao iliandaliwa na mikono ya nani, na mikono hiyo ililipwa nini. Jibu halina haja ya kutafutwa ng'ambo, kwani liko Kivu.

Dawa hii hutoka katika gome la mkwinini. Mti hulelewa miaka mingi, kisha hukatwa, gome hugongwa hadi likaachia, likabanduliwa na kuanikwa. Ni kazi ya mikono tangu mwanzo. Kabla ya vita vya pili vya dunia, Waholanzi walishika karibu soko lote kwa mashamba yao ya Java. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, majeshi ya Washirika yalikosa dawa, na macho yakageukia Afrika, pamoja na milima ya Kivu, ambako Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuipanda miti hiyo.

Je, ujira ulipanda pamoja na uhitaji? Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi za lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Aliyehitajiwa sana hakulipwa sana, kwa sababu hakuwa na uhuru wa kukataa. Hata penye mkataba, amri ya mwaka 1922 ilimtaka mwajiri atoe chakula, malazi na matibabu, lakini mfanyakazi aliyeuvunja aliweza kufungwa. Nani angedai nyongeza huku jela ikimngoja? Walithubutu wafanyakazi wa Union Minière kule Élisabethville, Desemba 1941; askari wakawapiga risasi.

Papa Leo XIII alikwisha kuandika mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba makubaliano peke yake hayahalalishi ujira, na kwamba usipungue mahitaji ya mfanyakazi mwenye kiasi. Koloni lililojiita la Kikristo halikuweza kusema halikusikia.

Baada ya vita ikaja klorokwini, na gome likapungua thamani. Malaria ilipoizoea klorokwini, kwinini ikarudi, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kikajulikana duniani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunate mahali pa kwinini kwa malaria kali. Ni habari njema kwa watoto wetu, nasema hivyo bila kusita. Ila kwa kibarua wa gome, kila badiliko la dawa ni badiliko la chakula chake.

Nayo sheria? Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kuwa faranga 7,075 kwa siku, wakati huo zaidi kidogo ya dola 4. Faranga ikashuka, kima kikabaki palepale. Kufikia mwisho wa 2024 hizo faranga 7,075 zilikuwa karibu dola 2 na nusu. Hakuna aliyempunguzia mtu mshahara kwenye karatasi, bali sokoni ndiko ulikopungua. Mwaka 2025 Kinshasa ilipandisha kima hadi faranga 14,500. Bukavu ilikuwa imekwisha kutekwa na M23 tangu Februari mwaka huo, na benki zake zilikuwa zimefungwa.